Printa ya waya, nyumba nzima inachapa

Printa yetu ni ya leza, ndogo, haina Wi-Fi. Ina waya mmoja tu wa USB, na kwa muda mrefu ilikuwa mali ya aliyewahi kuuchomeka. Mke wangu ni mwalimu, kwa hiyo wiki za mitihani waya ule hata haukupoa. Watoto nao walirushiana mafaili kwa WhatsApp mpaka yamfikie aliyeushika.

Dawa ilikuwa kabatini: laptopu kuukuu iliyopasuka kioo. Niliiunganisha na televisheni kwa kebo ya HDMI, nikaweka mfumo endeshi wa Linux, nikachomeka printa humo, na tangu hapo ndiyo seva ya nyumbani, yaani kompyuta inayopokea kazi za kuchapa kutoka kwa wote. Kabla ya hapo nilianza kwa Raspberry Pi, kompyuta ndogo sana, maana haili umeme, nikakwama: draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kuitumia printa) aliyoitoa mtengenezaji wa printa yangu ilikuwa ya prosesa za aina ya Intel peke yake, na Pi inatumia ARM. Kabla hujanunua chochote, angalia kwanza kama printa yako ina draiva ya Linux, na ni ya prosesa gani. Mimi niliangalia baadaye, nikapoteza Jumamosi mbili. Laptopu ina faida nyingine: betri yake. Hata iliyochoka inaivusha seva umeme unapokatika kwa dakika kumi.

Kuweka programu yenyewe si kazi. Inaitwa CUPS, ndiyo inayopokea na kupanga kazi za kuchapa. Ipo tangu 1999, na ndiyo hiyohiyo inayochapisha kwenye kompyuta za Mac. Kwenye dirisha la amri la seva andika sudo apt install cups, jiongeze kwenye kundi la lpadmin (wenye ruhusa ya kusimamia printa), kisha sudo cupsctl --share-printers --remote-admin. Mengine unayamalizia kwenye kivinjari cha kompyuta yoyote ya nyumbani, kwa anwani ya seva ikifuatiwa na :631. Printa ipe jina fupi lisilo na nafasi. Yangu inaitwa sebule. Ukubwa wa karatasi uweke A4 papo hapo. Ukiachwa kwenye Letter ya Wamarekani, utahangaika na kingo zilizokatwa huku ukimsingizia tona.

Avahi, programu inayoitangaza printa kwenye mtandao wa nyumbani, ikiwa inafanya kazi kwenye seva, simu zinaiona printa zenyewe, iPhone na Android. Windows ndiyo iliyonisumbua, nikaishia kuiandikia anwani kwa mkono: http://192.168.1.50:631/printers/sebule. Ndiyo maana ni lazima uingie kwenye rauta na kuifungia seva anwani moja isiyobadilika. Na laptopu ukitaka kuifunika bila kulala, fungua /etc/systemd/logind.conf uandike HandleLidSwitch=ignore.

Sasa tuje kwenye kilichonitoa jasho. Umeme ulikatika katikati ya kazi. Seva ilibaki hai kwa betri yake, printa ikazimika. Uliporudi, printa ikawaka taa ya kijani, kila kitu kinaonekana kizima, lakini karatasi haitoki. Mke wangu alibonyeza. Akabonyeza tena. Nilipofika usiku nikaandika lpstat -p, nikakuta sebule imesimamishwa. Nikaandika sudo cupsenable sebule, nikaenda kuoga nikijiona fundi. Nilipotoka bafuni, mtihani wa Hisabati wa darasa la tano ulikuwa umetoka mara sita, karatasi zimemwagika mpaka chini ya kochi.

Kumbe foleni yangu ya kazi za kuchapa ilikuwa imewekwa stop-printer, yaani hitilafu ikitokea, printa isimamishwe hadi mtu aje kuifungua. Kwa ofisi yenye fundi wa zamu, sawa. Kwa nyumba zetu za umeme wa kuja na kuondoka, hapana. Ibadilishe:

sudo lpadmin -p sebule -o printer-error-policy=retry-job

Hapo kazi iliyokwama inajaribiwa tena yenyewe printa ikirudi. Na mazoea ya pili: kabla ya kufungua foleni, andika lpstat -o uone kilichosubiri humo. Kama ni nakala za hasira, cancel -a sebule inazifuta zote. Printa ikigoma bila sababu inayoeleweka, majibu mengi yamo kwenye /var/log/cups/error_log. Soma mistari ya mwisho kwanza.

Jambo la usalama silifanyii mzaha. Usifungue mlango 631, ule wa CUPS, kwenye rauta ili uchape ukiwa nje. Septemba 2024 zilitangazwa kasoro kwenye cups-browsed, programu inayoandamana na CUPS, na waliokuwa hatarini zaidi ni walioacha mlango huo wazi kwa intaneti nzima. Mimi cups-browsed niliizima kabisa, na sijaona pengo lake. Ukiwa mbali na kuna haraka, mtumie aliye nyumbani faili.

Amri tatu nimeziandika kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi, nikaibandika juu ya mfuniko wa laptopu. Wiki iliyopita nikiwa safarini Dodoma binti yangu alinipigia: "Baba, seva inasema haijui amri hiyo." Nikamwambia anisomee alichoandika, herufi kwa herufi. Alikuwa ameinakili kama nilivyoiandika mimi kwenye karatasi, CUPSENABLE, yote kwa herufi kubwa.