Malindi twapanga kwa maji, Roma panga kwa mwanga

Jumapili moja ya Januari nilisimama chini ya ukuta mrefu wa Vatikani, mikono nimeitia kwapani, nikiutazama mlango wa makumbusho uliofungwa. Nilikuwa nimetoka mapema na metro, nikapanda mtaa wote ule huku nikijipongeza kwamba leo hakuna foleni. Kumbe makumbusho yale hayafunguliwi Jumapili, ila ile ya mwisho ya mwezi tu. Jambo hili limeandikwa kila mahali. Na mimi ndiye niliyeongoza wageni kwenye magofu ya Gede na mjini Malindi miaka kumi na mmoja, nikiwacheka chinichini wale wanaoteremka ufuoni na mataulo maji yakiwa yamekupwa hadi mwambani.

Nawaandikia nyinyi vijana wangu mnaokwenda Italia kwa kozi za hoteli na mapishi, au kwa mwaliko wa mtu mliyemfanyia kazi hapa. Malindi na Roma ni majirani wa ajabu. Ule mtambo wa San Marco pale Ngomeni, uliorusha setilaiti kutoka baharini mwaka 1967, ulikuwa mradi wa Chuo Kikuu cha Roma, na tangu enzi hizo Waitaliano hawajaacha kuja. Kaskazi ikivuma, wao wanaikimbia baridi kuja kwetu. Nyinyi ndio mnakwenda kinyume, na mara nyingi mtapata wikendi moja tu ya kuuona mji. Mimi nimezipata tatu, zote za baridi, na ya kwanza niliiharibu kwa mikono yangu mwenyewe.

Kosa langu halikuwa uvivu. Nilikuwa na orodha ya mahali kumi na tano. Lakini hapa petu hakuna nahodha anayempangia mgeni safari kwa orodha; anauliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, leo ni bamvua au maji mafu. Roma wakati wa baridi, swali hilo uliulize kuhusu mwanga. Mwanzoni mwa Januari jua linachomoza saa moja na dakika arobaini hivi asubuhi, na kabla ya saa kumi na moja jioni limeshazama. Una saa tisa na kidogo za mchana. Sisi tuliozaliwa na saa kumi na mbili kila siku ya Mungu hatulijui jambo hili mwilini. Jumamosi yangu ya kwanza niliamka, nikaona giza, nikalala tena nikisubiri kupambazuke. Nilipotoka, saa mbili za kazi zilikuwa zimekwenda.

Basi gawa mahali pako mafungu mawili: pa mwanga na pa giza. Pa mwanga ni magofu na vilima. Pa giza ni chemchemi zenye taa, makanisa, viwanja, madirisha ya maduka. Ukishafanya hivyo, orodha inajipunguza yenyewe, na utaona kwamba wikendi inabeba mambo makubwa mawili kwa siku, si zaidi.

Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa michezo, iwe Jumamosi asubuhi. Miezi ya baridi linafungwa 16:30 na mlango wa kuingilia unafungwa saa moja kabla, kwa hiyo anayesema nitakwenda mchana nikishakula amejinyima mwenyewe. Tiketi hutolewa siku 30 kabla, kwa saa maalumu na kwa jina lako, na mlangoni wanaweza kukutaka pasipoti. Nilipokwenda mara ya mwisho ilikuwa euro 18, ikiwa pamoja na magofu ya Foro Romano na kilima cha Palatino, ndani ya saa 24. Chukua nafasi ya saa tatu asubuhi. Ukitoka, ingia Foro na ukae. Nasema ukae. Mimi Gede nilikuwa nikiwaambia wageni waketi karibu na msikiti mkuu dakika kumi bila kupiga picha, wasikilize mibuyu na nyani. Halafu Roma nikalivuka Foro kama ninayekimbiza matatu. Ukitaka kujua tofauti kati ya gofu na rundo la mawe, iko katika dakika hizo kumi.

Hapo kwenye saa pana mtego mwingine, na unatunasa sisi hasa. Mwenzangu mmoja wa Watamu, Kiitaliano chake cha ufuoni kinateleza kama mafuta, aliambiwa tukutane "alle tre e mezza" mbele ya Colosseum. Tre ni tatu, mezza ni nusu. Alikuja saa tatu na nusu usiku, amejipaka manukato, jengo limefungwa saa tano zilizopita. Tre yao ya mchana ni saa tisa yetu. Mtu akikupa saa kwa mdomo, mwombe aiandike kwa tarakimu, kisha uigeuze ukiwa umetulia.

Wenye kuswali, jipangeni mapema, maana mchana mfupi unazibana swala. Adhuhuri inaingia kama saa sita na robo, alasiri karibu saa nane na nusu, na magharibi kabla kidogo ya saa kumi na moja. Mara ya kwanza nilikuwa nikikimbia huku na huku kutafuta pa kutawadha, mpaka mzee mmoja Msomali pale mtaa wa Esquilino akanikumbusha kwamba mimi ni musafiri na rukhsa ya kukusanya na kupunguza swala ipo. Ukifika Ijumaa kabla ya mchana, nenda msikiti mkuu wa Roma, uliofunguliwa mwaka 1995. Ramani yake ni ya Paolo Portoghesi, na nguzo zake zinapanda nyembamba kisha zinatanuka juu kama makuti. Mtu wa pwani ataingia na kuhisi yuko shambani. Uko mbali na katikati ya mji. Panda treni ya kaskazini inayoanzia Piazzale Flaminio, ushuke Campi Sportivi.

Mtaa wa Esquilino, karibu na stesheni ya Termini, nauweka pia kwenye chakula cha mchana. Soko lake limejaa mabamia, mihogo, pilipili na samaki, na wauzaji wanatoka Bangladesh, Uchina na Afrika. Nyama halali ipo mitaa ya jirani. Bei ni nusu ya utakayoikuta mbele ya magofu, na hakuna mtu wa kukushika mkono akuingize ndani.

Jumamosi jioni, saa kumi na robo uwe juu ya kilima cha Pincio, juu ya uwanja wa Piazza del Popolo. Jua linashuka upande wa kuba la Mtakatifu Petro. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo sikubali uifupishe. Likishazama, teremka kwa miguu, upite mitaa ya maduka hadi chemchemi ya Trevi, kisha hekalu la kale la Pantheon, kisha uwanja wa Piazza Navona. Hatua ni chache kutoka kimoja hadi kingine, na taa zimewashwa. Kipindi cha Krismasi, hadi tarehe 6 Januari, Navona huwa na soko la sikukuu lenye peremende na wanasesere wa Befana, kikongwe wa hadithi anayewaletea watoto zawadi. Siku chache kabla ya tarehe hiyo yanaanza mauzo ya bei za kushusha, na Waroma wenyewe wanasukumana madukani.

Pantheon lilinifunga mdomo. Nilipokwenda ada ilikuwa euro 5, na hufungwa saa moja jioni, ila usingoje dakika za mwisho. Kuba lake, la wakati wa Kaisari Hadrian karibu mwaka 125, lina upana wa zaidi ya mita 43 na halina chuma hata kimoja ndani. Juu kabisa pana tundu wazi la karibu mita 9. Usiku ule ilikuwa ikinyesha, na mvua iliingia katikati ya jengo na kutiririkia kwenye vijitundu vya sakafuni kama inavyotakiwa. Sisi watu wa chokaa na matumbawe tunaelewa jengo la namna hiyo. Wao waliichanganya chokaa na majivu ya volkano, na juu ya kuba wakatia mawe mepesi ili lisiwaelemee. Wageni walikuwa wakilalamika kwa sababu ya mvua. Mimi nawaambia, ikinyesha Roma, kimbilieni pale.

Kuhusu nguo nitasema kidogo. Msibebe koti la theluji. Theluji Roma ni ya nadra hata ikianguka shule hufungwa, kama Februari 2018. Mchana ni nyuzi 10 hadi 12, usiku hushuka karibu na 3. Shida ni unyevu na upepo. Fulana, sweta, na koti la mitumba lisilopitisha maji. Hapa sokoni Malindi makoti hayo yananing'inia hadi rangi inakufa, hayana mnunuzi. Fedha itie kwenye viatu. Barabara za kale zimetandikwa vijiwe vyeusi vya mraba, na vikilowa vinateleza kama mwamba wenye mwani. Nilianguka mbele ya wanafunzi wa shule nzima.

Kahawa kunyweni mkiwa mmesimama kaunta, kama kwa muuza kahawa wetu mwenye dele. Ukikaa kitako bei hupanda. Maji ni bure kwenye mabomba ya chuma ya mitaani, na ni masafi. Yako zaidi ya 2,000 mjini. Tiketi ya metro na basi ni euro 1.50 kwa dakika 100, na ya karatasi lazima uigonge kwenye mashine ukipanda. Basi la 64, linalokwenda upande wa Vatikani, lina sifa ya wachomoa mifuko. Pochi ikae mbele. Na mkiingia dukani acheni hii "ciao" ya ufuoni. Kwa mtu mzima usiyemjua ni kama kumwambia babu wa mtaani "mambo" badala ya shikamoo. Semeni "buongiorno", muone uso unavyobadilika.

Makumbusho ya Vatikani kwa wikendi moja, rai yangu ni kuyaacha. Najua wengine watanipinga. Lakini Jumamosi yamefurika, yanakula saa nne za mwanga wako, na unatoka umechoka macho. Kanisa lenyewe la Mtakatifu Petro ni bure, hufunguliwa saa moja asubuhi, na Jumapili ukifika wakati huo, kiza kiza, ukaguzi wa usalama unaupita kwa dakika chache. Ikikaribia saa sita mchana uwanja unajaa watu wanaomngoja Papa dirishani, na hapo hata kutoka ni kazi.

Ukimaliza pale kama saa tatu, nenda Porta Portese, soko la Jumapili asubuhi upande wa Trastevere. Ni Gikomba yao: makoti, viatu, redio mbovu, picha za harusi za watu waliokufa. Hapo ndipo kujua kwetu kupatana bei kunafaa. Nilinunua glavu za ngozi kwa euro 4 baada ya muuzaji kuanzia 10, na alipojua natoka Malindi akaniambia shemeji yake ana nyumba Mayungu. Wanaanza kufunga saa saba mchana, saa nane hakuna kitu. Treni yangu ilikuwa 15:05. Niliiandika mkononi kwa kalamu, saa tisa na dakika tano, nikafika Termini mapema kiasi cha kununua mkate na kuula nikiwa nimeketi juu ya begi.