Kujiamini na kiburi: mfano wa Sauli

Dada, umeuliza kama kukubali kuongoza pambio kanisani, ilhali unajua sauti yako ni nzuri, ni kiburi, na kama kukataa kwako ndiko unyenyekevu. Kwa maoni yangu, hata kukataa huko kunahitaji kuchunguzwa. Katika 1 Samweli 10, siku ya kutangazwa kuwa mfalme, Sauli alijificha penye mizigo, na wengi wetu tungemsifu kwa upole wake. Lakini sura ya 15 inatuambia kwamba mtu yuleyule alijisimamishia ukumbusho huko Karmeli, na katika sura ya 18 wimbo wa wanawake waliosema kwamba Daudi ameua makumi elfu ya adui na yeye maelfu tu ulimtia wivu hadi akamrushia mkuki. Hofu yake haikupona, ilibadili vazi tu, kwa kuwa mafichoni na penye ukumbusho alikuwa akitazama macho ya watu. Daudi, kwa upande wake, hakujidharau alipojitolea kupigana na Goliathi, bali alimtajia Sauli waziwazi simba na dubu aliowaua, kisha akasema kwamba Bwana ndiye aliyemwokoa. Basi ukiitwa Jumapili, simama uimbe, na ukisahau ubeti, wenzako watakupokea.