Maswali ya Wasomaji: Sola, Maji na Miche Chuoni

SWALI: Karakana na bweni la chuo chetu hapa Kongwa vinatumia sola: paneli nne za wati 250 na betri mbili za maji, kila moja volti 12, Ah (ampea-saa) 200. Kuna taa 20 za wati 9, kompyuta mpakato sita za kujisomea usiku na, tangu mwaka jana, friji ya kantini. Sasa umeme unakatika saa tatu usiku. Fundi anasema betri ni feki. Tununue nyingine? – Mwalimu wa umeme

JIBU: Betri feki zipo, ila fanyeni hesabu kwanza. Betri zenu zina Wh (wati-saa, yaani volti mara Ah) 4,800 kwa jumla, na betri ya aina hiyo haitakiwi kutolewa zaidi ya nusu. Mna Wh 2,400 za usiku, basi. Taa kwa saa tano ni 900. Kompyuta za wati 50 kwa saa nne ni 1,200. Hapo mko salama. Friji ikichukua 500 usiku na inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uwe wa kawaida, ikala asilimia 10 hadi 15, mnakaribia 3,000.

Mchana nako hakuna ziada. Wati 1,000 kwa saa tano za jua kali, mkitoa upotevu wa asilimia 30, ni Wh 3,500, na matumizi yenu ya siku nzima ni karibu hayo hayo. Januari mawingu yakitanda siku mbili, betri hazijai tena. Salfati, aina ya chumvi, hugandia kwenye sahani za risasi zilizo ndani yake na uwezo hupungua moja kwa moja. Mkinunua mpya bila kuondoa friji au kuongeza paneli na betri, nazo zitakufa vivyo hivyo.

Angalieni pia inveta. Nyingi hukata kwenye volti 10.5, kiwango kinachoilinda inveta, si betri. Kama inarekebishika, iwekeni karibu na 11.8. Juu ya sahani jazeni maji ya betri baada ya chaji, kamwe si asidi wala maji ya kisima. Maji ya visima vya kwetu huku yana chumvi nyingi. Paneli zielekee kaskazini kwa mlalo wa nyuzi 10 hadi 15, na kiangazi zifutwe vumbi asubuhi kioo kikiwa baridi.

Kwa mafunzo, wanafunzi wapime kila siku saa 12 asubuhi, matumizi yote yakiwa yamezimwa tangu usiku. Volti 12.7 ni betri iliyojaa, 12.1 ni nusu. Daftari la mwezi mmoja litawafundisha zaidi ya mchoro wa ubaoni.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Paa la karakana yetu ni mita 20 kwa 10. Tenki la lita 5,000 linatosha? – Mwanafunzi wa bomba, Mpwapwa

JIBU: Marahaba. Mvua ya milimita 31 tu italijaza, ukihesabu kwamba asilimia 80 ya maji inafika tenkini. Lakini wanafunzi 80 wakitumia lita 5 kila mmoja, ni siku 12 tu, na kiangazi chetu ni cha miezi saba. Anzeni na hilo, ila acheni nafasi ya matenki mengine kwenye msingi huo huo.

Maji ya kwanza ya mvua kutoka paani yana vumbi na kinyesi cha ndege. Mwaga lita moja kwa kila mita ya mraba, yaani lita 200. Bomba la inchi 4 hubeba takriban lita 8 kwa mita, kwa hiyo kipande kifupi cha kunasa maji hayo ya kwanza mnachokiona kwenye majengo mengi hakifanyi kazi, wekeni pipa. Gata, mfereji wa ukingo wa paa, ishuke sentimita moja kila mita mbili, la sivyo maji yatatuama na mbu watazaliana.

SWALI: Miche ya mradi wetu hufa kila kiangazi. Tufanyeje? – Bahi

JIBU: Kabla ya kupanda tena, tafuteni visiki hai, yaani visiki vya miti iliyokatwa ambavyo bado vinachipua, eneo lenu. Mizizi yake iko chini tayari, hivyo haidai kumwagiliwa. Chagueni machipukizi mawili au matatu yaliyonyooka, kateni mengine, pogoeni matawi ya chini, mfunge kitambaa cha alama ili watu wasiyakate. Mbuzi wazuiwe, wao ndio wanaoshindwa kusoma alama.