Ni shaba iliyopakwa enameli, si kauri, na ni kazi ya Guangzhou

Sahani unayodhani ni kauri ya Ufaransa si kauri, wala kuchorwa mabibi wa Kizungu hakuthibitishi kwamba ilitengenezwa Ufaransa. Ni shaba nyekundu iliyopakwa enameli, yaani unga wa kioo cha rangi unaoyeyushwa tanuruni hadi ushikamane na madini, na vyombo vya namna hiyo vilitengenezwa kwa wingi Guangzhou, mji wa bandari kusini mwa China, katika karne ya 18 kwa ajili ya wanunuzi wa ng'ambo. Wachoraji wa huko walinakili picha za Ulaya kwa sababu ndizo zilizoagizwa. Ufundi wenyewe ulifika China kutoka Ulaya, na ndiyo maana Wachina waliviita vyombo hivi yangci, maana yake kauri ya kigeni, jina ambalo nadhani limechangia mkanganyiko huu.

Ushahidi ulio wazi zaidi uko kwenye ukingo, pale palipobanduka: kauri ikimeguka huonyesha udongo mweupe, ilhali hapa panaonekana madini meusi, ambayo kwa kweli ni shaba iliyobadilika rangi. Upande wa nyuma nao umepakwa enameli, jambo lililokuwa la lazima ili bamba jembamba la shaba lisipinde linapopoa.

Hata hivyo, usikadirie umri wa sahani hiyo kwa rangi ya waridi iliyo kwenye michoro yake peke yake, kwani vyombo vya mtindo huo viliendelea kutengenezwa hadi karne ya 20.