Usianze na kabati: nilivyopanga vitu vya kuoshea gari kwenye banda langu

Mkuu, umesema una gereji ya gari moja, dawa na vitambaa vya kuoshea gari vimejaa kwenye ndoo moja na kreti ya soda, na unauliza ununue kabati la aina gani. Ushauri wangu: hilo kabati liache kwanza. Mimi nililinunua, la zile mbao za maranda yaliyogandishwa, na masika hayajaisha milango ilikuwa imevimba haifungi. Dar hii hewa yenyewe ni maji, na gereji zetu nyingi ni kuta tatu na bati juu.

Kilichonifanya nijipange si ufinyu wa nafasi. Jumamosi moja nilimaliza kuosha gari, nikachukua kitambaa kikavu, kisafi kwa macho, nikapangusia kioo cha mbele. Kumbe ndicho nilichopakia dawa ya kung'arisha tairi wiki iliyopita. Dawa zile nyingi zina silikoni, aina ya mafuta yasiyo na rangi, na kitambaa kikishakauka huwezi kujua. Mchana kioo kiling'aa vizuri tu. Usiku narudi kwa barabara ya Morogoro, mvua ikaanza nikiwa maeneo ya Kibamba. Kuwasha waipa, kioo kizima kikawa ukungu wa mafuta, taa za malori yanayokuja zimetawanyika sioni mstari wala ukingo wa barabara. Niliingia kituo cha mafuta nikitambaa, nikaomba sabuni ya vyombo, nikasugua kioo na mipira ya waipa kwenye mvua ile ile. Mke wangu hakuniongelesha mpaka nyumbani.

Kwa hiyo hoja yangu kubwa ni hii: panga kwa sehemu ya gari, usipange kwa aina ya kitu. Watu wengi huweka chupa zote pamoja, brashi zote pamoja, vitambaa vyote pamoja. Kwenye picha inapendeza. Lakini kitambaa cha rimu kinalala juu ya kitambaa cha bodi, na vumbi la breki lina chembe za chuma. Ukipeleka chembe hizo kwenye rangi, hasa gari jeusi, jua likipiga boneti unaona mikwaruzo ya duara kama utando wa buibui.

Mimi nina mafungu manne: bodi, vioo, ndani, na tairi pamoja na rimu. Kila fungu lina ndoo yake, zile ndoo za rangi ya ukuta za lita 20 zenye mfuniko. Mafundi rangi wanakuachia kwa bei ya soda. Mfuniko ni wa lazima, maana panya wakigundua sponji laini wanahamia na watoto. Halafu nilinunua tepu za umeme za rangi nne: njano bodi, bluu vioo, kijani ndani, nyekundu tairi na rimu. Tepu inazungushwa kwenye mkono wa ndoo, kwenye shingo ya chupa na kwenye mpini wa brashi. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito nilijaribu, ikiloa mara mbili imekwisha.

Vitambaa vilinisumbua kwa sababu tepu haishiki. Nikampelekea fundi cherehani wa mtaani furushi zima, akapiga uzi wa rangi kwenye kona ya kila kimoja. Alinicheka kwanza, akauliza kama ni vya shule. Tangu siku hiyo hata kijana anayenisaidia kuosha hakosei. Sheria moja tu: kitambaa cha njano kikidondoka chini, hakirudi kwenye bodi mpaka kifuliwe. Na vya maikrofaiba, vile vya nyuzi laini sana za plastiki, usivifulie na dawa ya kulainisha nguo, inaziba nyuzi, zinaacha kunyonya maji. Kama kisima chako ni cha maji ya chumvi kama changu, suuza mara ya mwisho kwa maji ya mvua au ya bomba, la sivyo vinakauka vigumu kama makuti.

Kwa chupa za kupulizia huhitaji rafu. Nilimwendea fundi wa kuchomelea na nondo ya milimita 12, urefu wa mita moja na nusu, akaiwekea miguu miwili yenye matundu. Nikaifunga ukutani kwa fisha, vile vibomba vya plastiki vya kushikilia skrubu ukutani, na skrubu zake. Chupa unaipachika kwa ule ulimi wa kubonyezea, zinaning'inia mstari mmoja, unaona ipi inakaribia kuisha. Ila ipake rangi nondo yenyewe kabla ya kuifunga, kutu ya pwani haisubiri.

Sasa joto, hapa ndipo nilipokosea mara ya pili. Niliona kwa sababu ya watoto dawa zote zikae juu kabisa. Mchana chini ya bati, ukinyoosha mkono huko juu ni kama uko juu ya jiko. Nta yangu ya kopo iliyeyuka, ikaganda tena imelala upande, na chupa mbili zikavimba zikavuja. Nondo yangu sasa iko usawa wa kifua, na dawa kali ziko chini kabisa kwenye sanduku la chuma lenye kufuli. Makopo ya kupuliza yenye gesi nayaweka stoo ya ndani ya nyumba. Petroli ya jenereta haikai humo kabisa.

Na tafadhali, dawa usiimimine kwenye chupa ya maji ya kunywa wala ya soda, hata kwa siku moja. Ile ya rimu yenye tindikali pia usiiweke jirani na jiki. Vikikutana vinatoa gesi ya klorini, na gereji iliyofungwa mlango si mahali pa kujaribu.

Mashine ya kupigia polishi, kama unayo, itundike na pedi zake zikauke kabisa kabla hujazifunika.

Jumla yote, nondo, tepu, ndoo na fundi cherehani, haikufika 60,000. Kabati lilikuwa zaidi ya mara tatu ya hapo, na sasa kuku wanatagia humo. Pima urefu wa ukuta wako wa pembeni, na utazame jua la saa tisa linaupiga upande gani, uniambie. Huo unaopigwa na jua usiuguse.