Neno "echo" si mwangwi kila mahali: kwa mfasiri anayeanza

Ukikutana na echo kwenye matini ya Kiingereza, usikimbilie kuandika mwangwi. Jiulize kwanza: je, kuna sauti iliyotoka, ikagonga kitu, ikarudi? Kama yote matatu yapo, kwa kawaida mwangwi ndilo neno lake, ingawa kwenye fizikia na hospitalini utaona hapa chini pasipolifaa. Likikosekana mojawapo, simama ufikiri.

Asili ya neno inasaidia sana hapa. Kigiriki cha kale kina maneno mawili ndugu: ēkhē, yaani sauti au mvumo, na ēkhō, sauti inayorudi. Wagiriki walilifanya hilo la pili kuwa jina la binti wa milimani. Mshairi wa Kirumi Ovid anasimulia kwamba Echo alikuwa akimpotezea muda Juno, malkia wa miungu, kwa maneno mengi, akaadhibiwa asiweze kuanza mazungumzo, ila kurudia tu maneno ya mwisho ya mwenzake. Akampenda kijana Narcissus, akakataliwa, akakonda hadi ikabaki sauti na mifupa, na mifupa ikageuka mawe. Ishike habari hiyo, kwa sababu maana nyingi za sitiari zinachota humo: mtu asiye na kauli yake, anayerudisha ya wengine. Kilatini kiliiandika kh ya Kigiriki kwa ch, na ndiyo maana Kiingereza kina ch inayotamkwa k.

Mzizi huo tunao pia katika Kiswahili, ingawa wengi hawautambui. Katekesi, katekista na katekumeni yametokana na katēkhein, kupaza sauti imfikie msikilizaji, na hatimaye kufundisha kwa mdomo. Lakini ikolojia haimo katika ukoo huu. Hiyo imetoka kwa oikos, nyumba au makazi. Mfasiri akianza kuandika "eko" kwa maneno yote mawili, msomaji atashindwa kujua kama ekografia ni habari ya sauti au ya mazingira. Kwa hiyo ya mazingira yaandike kwa iko-, na eko- uibakize kwa istilahi za sauti zisizo na neno la Kiswahili.

Kwenye fizikia kuna mtego wa hesabu. Sauti husafiri hewani kwa takriban mita 343 kwa sekunde kwenye nyuzi 20 za Selsiasi. Ili sikio litenganishe sauti ya kwanza na ile inayorudi, zinahitajika kama sekunde 0.1, kwa hiyo ukuta uwe angalau mita 17 kutoka ulipo. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, sauti zinachanganyika na kurefuka, na hiyo si mwangwi tena, iite mvumo. Usiyachanganye hayo mawili katika kitabu cha wanafunzi, kwa sababu swali la mtihani huwa papo hapo. Baharini sauti huenda takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kipimakina, yaani kifaa cha kupima kina kwa sauti, kikipokea mwangwi baada ya sekunde 0.2, kina ni mita 150, si 300: sauti imekwenda na kurudi, hivyo lazima ugawe kwa mbili. Mifano mingi iliyofasiriwa vibaya imeharibikia hapo, mfasiri alipoandika "muda wa kufika chini" badala ya "muda wa kwenda na kurudi".

Kwenye mitandao ya kompyuta mambo ni kinyume. Itifaki ya ICMP ya mwaka 1981, yaani kanuni za kompyuta kupeana taarifa za hali ya mtandao, ina ujumbe wa kuomba mwangwi na wa kuujibu, na programu ya ping, inayopima kama kompyuta nyingine inafikika, inautumia. Muda inaokuonyesha ni wa safari nzima, haugawanywi. Nayo amri ya echo huchapisha kwenye skrini kile ulichoiandikia. Katika maelezo, sema "amri ya echo huonyesha maandishi", lakini ndani ya msimbo usiiguse hata herufi moja. Ukiandika "mwangwi habari" badala ya "echo habari", kompyuta itajibu kwamba haiijui amri hiyo.

Hospitalini, echo ni kifupi cha kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti, kilichoanzishwa na Inge Edler na Hellmuth Hertz huko Lund, Uswidi, mwaka 1953. Mawimbi hayo yako juu mno kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia, kwa hiyo karatasi ya mgonjwa ikisema "tutasikiliza mwangwi wa moyo", atadhani ni stetoskopu, kile kifaa ambacho daktari husikilizia kifua. Andika "kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti", kisha "eko" katika kutajwa kunakofuata. Uwe mwangalifu usikichanganye na ECG, ambacho hupima umeme wa moyo.

Sitiari ndizo zinazochosha zaidi. Mtu aliye-echo hoja ya mwenzake ameiunga mkono, ameirudia au ameiitikia; chagua kwa kuangalia kama ameongeza lake. Ukumbi uliojaa vicheko umerindima. Echo za vita ni athari au makovu yake. Beti inayo-echo beti nyingine inaidokeza. Chumba cha mwangwi, kwa maana ya watu wanaosikia maoni yao tu, kimeanza kueleweka, ila mara ya kwanza ongeza maelezo: kundi linalojisikiliza lenyewe.

Sarufi ni fupi: mwangwi umerudi, miangwi imerudi, pango linatoa mwangwi.

Na kwenye redio za ndege na meli, Echo ni jina la herufi E tu, baina ya Delta na Foxtrot. Hapo halifasiriwi kabisa.