Semina za uchumi chuoni zinamsaidia nini mtu wa mtaani?

Mkuu mleta uzi, umeuliza kama semina za idara za uchumi zina faida kwa mwananchi au ni wasomi kupigiana makofi tu. Nilihudhuria nyingi nikiwa masters hapa Dar, kwa hiyo nakujibu kwa nilichokiona: tozo za miamala ya simu.

Tozo ilianza Julai 2021, shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi. Kelele zikawa nyingi, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30. Baadaye mwenzetu mmoja akawasilisha andiko: miamala imeshuka, maana yake watu wameacha kutumiana pesa. Grafu safi kabisa. Mhadhiri mmoja mstaafu akauliza, "Hiyo pesa sasa inapita wapi?" Ukumbi kimya. Aliyejibu ni dada wakala wa pesa za simu aliyealikwa kuja kusikiliza tu: wateja wake wanafunga noti kwenye bahasha, wanampa kondakta wa basi la mkoani.

Data za kampuni za simu haziioni ile bahasha. Kumbe mama kijijini huenda bado anapata chake, ila kimehamia njia isiyotozwa. Na hapo kadirio lolote la mapato ya tozo linalodhani watu watatuma kama zamani linayumba. Jamaa alirudi kuandaa dodoso la kaya, na nadhani hakufurahi.

Utafiti mzuri unaweza pia kumaliza ubishi wa miaka. Wachumi Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu bei za vyandarua kwenye kliniki za wajawazito magharibi mwa Kenya, wakachapisha 2010. Bei ilipotoka bure kufika senti 60 za dola, waliochukua walipungua kwa pointi 60 za asilimia. Na waliopewa bure hawakuonekana kuvitumia kidogo kuliko walionunua. Wale wa "cha bure hakithaminiwi" walipata shida kujibu.

Zinakofeli semina zetu ni kalenda. Bajeti inasomwa Dodoma mwezi Juni, lakini maoni ya kodi wizara inayakusanya miezi mingi kabla. Sisi tunafuata muhula, andiko linaiva Mei, mambo yameshapita. Mgeni rasmi naye anafungua, anapiga picha, anaondoka kabla ya swali la kwanza.

Ukitaka kwenda, angalia ubao wa matangazo wa idara, nilikosoma mtu wa nje hakuzuiwa. Baki mpaka muda wa chai. Ukumbini ni Kiingereza na heshima, kwenye chai ndipo mtu wa wizara anakwambia namba zilipatikanaje.